Mbwa anajikuna, kidonda hakiponi: maswali na majibu

Ujumbe mwingi ulionifikia safari hii unahusu mbwa wenye vidonda, na karibu wote unaishia na swali moja: nimpake nini? Kabla ya kutaja dawa yoyote mimi huuliza mambo matatu. Kidonda kiko sehemu gani ya mwili? Kinamwasha au hakimwashi? Na je, kuna mwingine hapo nyumbani, mtu au mnyama, anayejikuna? Majibu ya hayo hunisaidia kuliko picha ya kidonda chenyewe, maana mbwa akishajikuna na kujilamba wiki mbili mfululizo, vidonda vya magonjwa tofauti kabisa huanza kufanana.

Shikamoo daktari. Mbwa wetu amenyonyoka manyoya masikioni, kwenye viwiko na tumboni. Anajikuna usiku kucha mpaka anatoka damu. Jirani anashauri tumpake oili chafu ya gari. Sasa na mwanangu mdogo ametoka vipele tumboni. Vinahusiana? (Kibaha)

Marahaba, mama. Ndiyo, vinahusiana. Kingo za masikio, viwiko, tumbo, muwasho usiomwachia hata usingizi, na mtoto naye kaanza kujikuna: hayo yote yananielekeza kwenye upele, unaoletwa na utitiri wanaochimba vijia ndani ya ngozi. Fanya jaribio hili. Shika ukingo wa sikio lake uusugue taratibu kwa vidole. Akianza kurusha mguu wa nyuma kama anayetaka kujikuna, uwezekano wa upele ni mkubwa. Daktari atakwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini, lakini utitiri hawa ni wagumu kupatikana. Wasipoonekana haina maana hawapo, na mara nyingi tunatibu kwa kufuata dalili.

Utitiri wa mbwa humwingia binadamu na kumwasha, ila hawawezi kujenga maskani ya kudumu kwenye ngozi yake. Mbwa akitibiwa, vipele vya mtoto kwa kawaida huisha vyenyewe. Vikizidi wiki tatu baada ya hapo, mpeleke kituo cha afya, kwani upele wa binadamu nao upo.

Kuhusu oili chafu, nakuomba kwa moyo wangu wote usimpake. Mafuta yaliyotoka kwenye injini yana mabaki ya metali na kemikali za petroli. Yanaunguza ngozi ambayo tayari imechubuka, yanapenya mwilini, na yanayobaki juu mbwa huyalamba. Ushauri huu umeenea kwa sababu mafuta mazito huweza kuua baadhi ya utitiri, kwa hiyo jirani huona mbwa ametulia siku kadhaa. Haoni ini na figo zinavyoumia. Mafuta ya taa na maji ya betri ni vivyo hivyo, na nimeona ngozi iliyobabuka kwa maji ya betri ikichukua muda mrefu kupona kuliko upele wenyewe.

Dawa za kweli zipo. Kuna sindano ya ivermektini, kuna dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, na siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua utitiri, kupe na viroboto kwa pamoja. Tatizo ni kwamba mbili za kwanza huuzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe, na watu humpimia mbwa kwa kukisia. Chupa ya kawaida ya ivermektini ina miligramu 10 katika kila mililita moja. Mbwa wa kilo 10 hahitaji hata nusu mililita. Ukimchoma mililita mbili umempa sumu. Mbwa wa jamii ya Collie, na baadhi ya waliochanganyika nao, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, na hata kiasi kidogo kinaweza kuwaua. Amitrazi ya josho nayo huja ikiwa kali, na ikichanganywa vibaya mbwa hulegea, husinzia, na mapigo ya moyo hushuka. Mwite daktari au afisa mifugo wa kata apime uzito na kipimo. Tibuni mbwa wote wa nyumba hiyo, hata asiyejikuna. Mayai ya utitiri huendelea kuanguliwa baada ya dozi ya kwanza, kwa hiyo sindano au kuogesha hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Gunia analolalia lichomwe moto, na matambara yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Mtoto wa mbwa wa miezi mitano ana vipara viwili, kando ya jicho na juu ya mdomo. Hajikuni kabisa. Ni upele? (Moshi)

Kwa umri huo, mahali hapo, na bila muwasho, nafikiria utitiri wa aina nyingine, wale wanaoishi ndani ya vishina vya manyoya. Huwapata kutoka kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Hawaambukizi watu wala mbwa wakubwa wenye afya. Vipara vichache mara nyingi hupona vyenyewe kinga ya mwili ikikomaa, kwa hiyo mpe chakula kizuri, mpe dawa ya minyoo, na umtazame. Vikienea mwilini au kwenye nyayo na kuanza kutoa usaha, huo ni ugonjwa mzito unaotaka tiba ya miezi. Asipewe sindano wala krimu yenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kwani hushusha kinga na kuwapa utitiri nafasi ya kuzaliana.

Kipara chenye umbo la duara, chenye magamba pembeni, kinaweza pia kuwa fangasi, na huo huambukiza watoto. Daktari akwangue kabla hamjaamua.

Daktari, mbwa wangu ana majipu mengi tumboni na miguuni, kila moja lina kitundu katikati. Jana nilibonyeza moja nikaona kitu kinacheza ndani! (Tanga)

Ulichokiona ni buu. Kuna nzi wa rangi ya kahawia inayoelekea njano, wengine humwita nzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, au kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, mabuu husubiri ardhini mpaka mnyama alale hapo, kisha hupenya ngozi na kukua ndani kwa wiki moja na nusu hivi. Kile kitundu ndicho anachopumulia.

Usikamue kwa nguvu buu likiwa bado dogo, kwani likipasukia ndani linaleta usaha na uvimbe mkali. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kila kitundu ili hewa isipite. Subiri nusu saa au zaidi, buu litajisogeza juu. Hapo bonyeza taratibu kutoka pande mbili mpaka litoke zima, au livute kwa kibano. Osha tundu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha paka ayodini. Vaa glavu. Mbwa mdogo mwenye majipu mengi apelekwe kwa daktari, kwani watoto wa mbwa hufa kwa mzigo huo.

Kisha hamia kwenye chanzo. Safisha mahali anapolala, ondoa mchanga wenye mkojo, mwekee chaga la mbao lililoinuka. Na nguo zenu pigeni pasi, hasa mishono na za watoto, kwa sababu nzi huyu hachagui kati ya mbwa na mtu.

Habari daktari. Mimi ni mwanafunzi. Ncha za masikio ya mbwa wetu ziko wazi, zina damu iliyoganda, na nzi hawabanduki. Baba anasema atapona tu. (Nakuru)

Nzuri, mwanangu, na ahsante kwa kumtazama. Nzi hao wanang'ata kweli na kunyonya damu. Mbwa wenye masikio yaliyosimama ndio huumia zaidi, na hatapona wakati wanaendelea kumng'ata kila mchana. Lowesha magaga kwa maji vuguvugu ya chumvi mpaka yalainike, yaondoe bila kuyavuta, kausha, halafu paka mafuta mazito ya mgando asubuhi na jioni. Mwambie baba atafute dawa ya kufukuza nzi iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa. Kama mna paka, mweleze muuzaji: dawa nyingi za aina hiyo zina permetrini, ambayo ni sumu kwa paka.

Nzi hawa huzaliana kwenye samadi na majani yanayooza. Kama banda la mbwa limepakana na zizi la ng'ombe, lihamisheni.

German Shepherd wangu aliogeshwa Jumamosi. Jumatatu nikakuta kidonda kibichi, chekundu, chenye harufu, ukubwa wa kiganja, karibu na mkia. Kimetokea haraka hivyo? (Arusha)

Ndiyo, kinaweza kutokea kwa usiku mmoja. Mbwa mwenye manyoya mazito asipokaushwa hadi ndani, ngozi hubaki na unyevu, kitu kidogo kikimwasha huitafuna, na bakteria humalizia kazi. Nyoa manyoya kukizunguka mpaka uone ngozi nzima. Hiyo ndiyo sehemu ya tiba ambayo watu huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kidonda hiki kinataka hewa. Safisha mara mbili kwa siku kwa kloreksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji au kwa maji ya chumvi, kausha, usifunge bendeji. Mvalishe kola pana ya kumzuia asijilambe. Kama anaumia sana au kinakua, anahitaji dawa za kumeza.

Kwa kuwa kiko karibu na mkia, tafuta viroboto. Mchane kwa chanuo lenye meno ya karibu, weka uchafu mweusi utakaotoka juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Ukitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako. Kwa mbwa mwenye mzio wa mate ya viroboto, wachache tu wanatosha kumletea vidonda. Mayai na mabuu wako sakafuni na kwenye matandiko, kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake hakutoshi.

Naweza kutumia dawa za binadamu? Mimi hufungua kapsuli ya rangi mbili nikanyunyizia unga kwenye kidonda. (Dodoma)

Acha huo unga. Unaganda juu, usaha unabaki chini, na bakteria wanajifunza kuizoea dawa. Maambukizi ya ngozi ya mbwa yaliyozama hutaka antibiotiki ya kumeza kwa wiki tatu hivi au zaidi, kwa kipimo cha uzito wake. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni usimpe hata kidogo, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi hupoza wekundu huku ugonjwa ukienea.

Mbwa wa ulinzi ana kidonda shingoni chini ya mnyororo, kinanuka. Tumeweka dawa ya kupuliza ya bluu mara nyingi. (Mombasa)

Dawa hiyo haina kosa. Mnyororo ndio ugonjwa. Uondoeni leo, si kesho. Kama ni mbwa aliyekuwa akikua, huenda mkanda au waya umeshazama ndani ya nyama, na hapo msiuvute wenyewe, daktari ataukata akiwa amempa ganzi au dawa ya usingizi. Harufu ikiambatana na mabuu, yatolewe yote na kidonda kioshwe kila siku. Kikipona, tumieni mkanda mpana wa turubai au ngozi, vidole viwili vipite chini yake bila shida, na mpimeni kila mwezi kama bado anakua. Napokea vidonda hivi mara nyingi mno kwa mbwa wanaotulindia mali usiku, na vinaniuma, kwa sababu kila kimoja kingezuilika.

Mbwa jike wetu anatoka damu sehemu ya siri miezi sasa, na kuna nyama kama koliflawa. Ni kidonda cha uzazi? (Morogoro)

Kwa maelezo hayo nashuku uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana, na pia kwa kulambana na kunusana. Ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura. Msikate tamaa kwa kusikia neno saratani: huu ni kati ya michache inayopona vizuri, kwa sindano ya vinkristini ya mshipani mara moja kwa wiki, mara nyingi kwa wiki nne hadi sita. Dawa yenyewe ni kali na lazima itolewe na daktari. Hauambukizi watu. Akipona, afungwe uzazi.

Mbwa asiyejulikana amemng'ata mbwa wetu begani. Kidonda si kikubwa. Nimwoshe tu? (Mwanza)

Hapa ukubwa wa kidonda si hoja. Vaa glavu, osha kwa sabuni na maji mengi, halafu ripoti kwa ofisi ya mifugo leo hii, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kama mbwa wako ana chanjo ambayo muda wake haujaisha, atachomwa nyingine mara moja na kuangaliwa siku 45. Kama hakuwahi kuchanjwa, uamuzi ni mgumu zaidi na usiufanye peke yako, maana dalili zinaweza kuchelewa miezi. Aliyemng'ata akipatikana, afungwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe na kutupwa kabla wataalamu hawajamwona.

Mtu yeyote aliyeguswa na mate penye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Na hicho kidonda cha begani kwa kawaida hakishonwi siku ya kwanza: kiachwe wazi, kioshwe kila siku, na daktari akiangalie tena ndani ya siku tatu, kwani meno huzika uchafu ndani kuliko unavyoona juu.