Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Mzazi wa Rungwe au Mufindi akisikia "maandalizi ya chuo" huwaza ada. Ada ina uzito wake, lakini kinachotangulia kumkwamisha mtoto ni karatasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimjui mwanao kwa sura. Inamjua kwa maandishi, na maandishi yakipingana, maombi yanasimama hata kama kwenu ufukara unaonekana tangu getini.

Anza na jina. Mtoto akiwa kidato cha kwanza, chukua cheti chake cha kuzaliwa na karatasi zake za darasa la saba, viweke mezani kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Huku ameandikwa Atupele, kule Atupelye. Huku Kihwelo, kule Kiwelo. Wakati mwingine jina la babu limekaa mahali pa baba. Kosa hilo likionekana mapema, mwalimu wa taaluma ataeleza namna ya kulirekebisha kabla usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujafungwa. Baada ya hapo jina limeshafika Baraza la Mitihani, na kilichobaki ni viapo, wakili na nauli za kwenda na kurudi.

Asiye na cheti kabisa aende kwa msajili wa vizazi na vifo, ofisi ya mkuu wa wilaya, akiwa na kila kinachothibitisha alizaliwa lini na wapi: tangazo la kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi. Kuwa na cheti peke yake hakutoshi, maana RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, lazima wakihakiki, na uhakiki huo hufanyika kwa mtandao. Mtoto akiwa kidato cha tano au mwanzoni mwa cha sita, jambo hili limalizeni. Ukilisubiri dirisha la mkopo lifunguke, utakuwa kwenye foleni moja na nchi nzima.

Kwa yatima, kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Familia nyingi vijijini hukitunza kibali miaka na miaka zikiamini kinatosha. Kafuateni cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake ya unufaika mkononi, na mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, apate uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Usiyaonee haya mambo haya. Mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji, na uhitaji usioandikwa hauhesabiwi.

Kisha kuna JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mtihani wa kidato cha sita huanza Mei, vijana wengi wanaelekea makambini kama Mafinga au Itende, matokeo yanatoka Julai, na dirisha la mkopo mara nyingi hufunguliwa katikati ya hayo yote. Kijana yuko kwenye gwaride, simu hana. Kabla hajaondoka, aache nyumbani bahasha moja yenye picha za pasipoti, nakala za vyeti, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kama anayo, barua pepe na nywila yake, na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja. Achague moja, na hiyohiyo itumike kuomba chuo na kuomba mkopo, maana kwa namba hiyo ndipo mifumo hiyo miwili inamtambua kuwa ni mtu mmoja.

Ada ya kuomba mkopo imekuwa shilingi 30,000. Fomu ikishajazwa mtandaoni inachapishwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapita serikali ya kijiji au mtaa, kisha kwa hakimu au wakili, halafu kurasa zenye saini zinarudishwa kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi huangukia: mdhamini kasahau kusaini, mhuri wa kijiji haupo, au ukurasa umepigwa picha kwa simu jioni, kivuli cha mkono kikapita juu ya mhuri. Lipia skana. Bodi ikifungua muda wa kurekebisha kasoro, ingia kwenye akaunti hata kama unaamini fomu yako iko sawa.

Kuhusu chuo chenyewe, tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, kwa hiyo aliyechukua CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) amekwishaufunga mlango huo tangu kidato cha tano. Ombeni awamu ya kwanza. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, basi laini aliyojisajili nayo isiachwe izimike. Vya karibu msividharau: Mkwawa ya Iringa kwa ualimu, MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, kwa uhandisi. Mtoto wa Njombe anayesoma Iringa anaweza kutumiwa debe la maharage na gunia la viazi kwa basi la asubuhi.

Fedha za kuanzia zitoke shambani. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati mahindi yanauzwa kwa pupa Julai bei ikiwa chini. Tenga magunia ya chuo tangu siku ya kupukuchua, yatibiwe dhidi ya dumuzi, yasiguswe. Mwenye mtoto kidato cha kwanza na ardhi inayofaa apande miche ya parachichi ya Hass iliyobebeshwa. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, hivyo kidato cha sita kitakuta miti inavunwa. Paina ni nzuri, ila inataka zaidi ya miaka 10, labda kwa mdogo wake.

Hata aliyepata mkopo kamili asiende mikono mitupu. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, haliingii siku ya kuripoti. Linasubiri asajiliwe na kusaini, na hayo yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Nauli, godoro, chumba na chakula cha mwezi wa kwanza viwe tayari mfukoni anapopanda basi.