Jibu: kuandika tamthilia Uskoti bila kusomea, na kama kweli jukwaa ni kimbilio

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kama mtu anaweza kuwa mwandishi wa tamthilia huku Uskoti bila shahada, na kama jukwaa ni kimbilio la kweli kwa sisi tunaopenda wa jinsia yetu. Nakujibu kwa niliyoyapitia. Nililetwa Glasgow kutoka Mombasa nikiwa na miaka minane, na Uskoti ndio kwetu.

Sikusomea. Nilianza kwa kukagua tiketi ukumbini na kuwaonyesha watu viti vyao. Kazi ile inakufanya uutazame mchezo mmoja usiku baada ya usiku, mpaka unaacha kufuata hadithi na kuanza kusikiliza watu: wapi wanakohoa, mstari upi unawanyamazisha. Nikipata nafasi mchana nilikwenda Òran Mór, lile kanisa la zamani juu kabisa ya Byres Road. Tangu 2004 pana tamthilia fupi za mchana, na tiketi yako ina pai na kinywaji. Waigizaji wawili watatu, saa moja haifiki. Anza na kipimo hicho. Ukishakuwa na mswada, wafuate Playwrights' Studio Scotland, shirika la kuwasaidia waandishi wa tamthilia, na ukumbi wa Traverse kule Edinburgh, ambao tangu 1963 wanatafuta kazi mpya.

Sasa kimbilio. Mamangu ana rafiki yake wa tangu ujana, humwita shoga. Nilikua nikilisikia jikoni, "shoga yangu wee", kwa mapenzi matupu. Kisha nikawasikia binamu zangu wa kiume wakilitema neno lilelile kama tusi. Nikakaa nalo kifuani miaka mingi, sina wa kumwambia. Tamthilia yangu ya kwanza ni wanawake wawili wanakuna nazi, wanaitana shoga, na mtazamaji hana hakika ni shoga wa namna gani.

Kundi moja la maigizo lilitaka nitoe Kiswahili chote. Nikatoa, mswada ukafa mikononi mwangu, nikakirudisha.

Ilisomwa mbele ya watu kama ishirini, waigizaji wameshika karatasi, hakuna mavazi wala taa. Mmoja wao, mzaliwa wa Dundee asiyejua Kiswahili hata cha salamu, alilitamka "shoga" taratibu, kama amepakatishwa mtoto wa watu. Mimi nimekaa nyuma gizani. Siri yangu inasemwa kwa sauti, mdomo si wangu, na hakuna anayenitazama. Hilo ndilo kimbilio ninalolijua.

Na lilipiganiwa. Mapenzi ya wanaume wawili yaliacha kuwa kosa England na Wales mwaka 1967; Uskoti ilisubiri sheria ya 1980. Glasgay!, tamasha la sanaa za watu kama sisi, lilishika taa hapa Glasgow kuanzia 1993 hadi 2014. Mwaka 2009, Jo Clifford, mwandishi aliyebadili jinsia, alipomwonyesha Yesu kama mwanamke aliyebadili jinsia kama yeye, pale ukumbi wa Tron, mamia waliandamana nje. Ndani mchezo uliendelea. Huwakumbuka wale waliopita katikati ya mabango kwenda kuketi.

Mama hajaja kutazama kazi yangu. Ila juzi aliniuliza kama wale wanawake wanakuna nazi kwa mbuzi au kwa mashine. Nikamwambia kwa mbuzi. Akasema, "Basi huyo Mzungu mfundishe kukaa, asije akajikata."