Kakangu amekula kiapo kwa kundi na sasa anatuita murtadi: je, kiapo kinamfunga?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh wetu. Naandika kutoka Majengo, Nairobi. Nina kaka mdogo ambaye alikuwa mtu wa muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, na kamari za simu, kazi yake vibarua vya kubeba marobota Gikomba. Mwaka jana aliingia kwenye kundi la vijana wanaokutana nyumbani kwa ustadh mmoja. Muguka ameacha, kamari ameacha, na alfajiri haimpiti. Lakini sasa hali chakula cha mama kwa sababu mama huhudhuria maulidi, amezitoa picha za marehemu baba ukutani, na mimi ananiita murtadi, yaani mtu aliyetoka katika Uislamu, kwa kuwa nilijiandikisha kupiga kura. Anasema amekula kiapo cha utiifu kwa ustadh wake, na kukivunja ni kutoka katika Uislamu. Nikimletea hoja hujibu kwa maneno yale yale, kama aliyekaririshwa. Mama anasema heri hivi kuliko muguka. Je, mama yuko sawa? Kiapo hicho kinamfunga? Na imekuwaje kijana mwerevu kama yeye kugeuka hivi?

JIBU: Waalaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Dada yangu, nianze na kiapo, kwa kuwa ndicho kilichomfungia mlango kakako. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.), binamu wa Mtume na khalifa wa nne, kwamba Mtume (S.A.W.) alituma kikosi, akamweka mtu mmoja miongoni mwa Answari, Waislamu wa Madina, kuwa kiongozi, na akawaamrisha wamtii. Huko njiani kiongozi yule akawakasirikia. Akawaambia: Je, Mtume hakuwaamuru mnitii? Wakasema: Naam. Akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Wakawasha. Walipotaka kuingia wakasimama wakitazamana, na baadhi yao wakasema: Sisi tulimfuata Mtume ili tuukimbie moto, leo ndio tuuingie? Wakabaki vivyo hivyo mpaka moto ukazimika na hasira zake zikatulia. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) akasema: Lau wangeuingia wasingetoka humo kamwe. Utiifu ni katika jema tu.

Kiongozi yule aliteuliwa na Mtume mwenyewe, si mtu aliyejipa cheo sebuleni kwake. Na bado amri yake ya dhulma haikuwa na uzito wowote. Basi kiapo cha kakako, kwa upande wa kumkata mama yake, kumkufurisha dada yake na kumtii mtu bila kuuliza, hakimfungi, na wala kukivunja hakumtoi katika Uislamu. Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi aliyoipokea Muslim kwamba mwenye kuapa juu ya jambo, kisha akaona jingine ni bora kuliko hilo, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza, afunge siku tatu. Mwambie hivyo kwa upole. Vijana wengi hubaki kwenye makundi haya, ingawa moyo umeshaanza kusita, kwa sababu wameambiwa kwamba nje ya mlango ule hakuna ila ukafiri.

Kuhusu kura: wanazuoni wamelijadili jambo hilo, nami naona inajuzu. Lakini hata anayeona haijuzu hana njia ya kumtoa Muislamu mwenzake katika dini kwa sababu hiyo. Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo hurejea kwa mmoja wao. Amepokea Bukhari na Muslim.

Sasa mama. Nampa haki yake, kwa kuwa ameyaona ya muguka kwa macho yake, na mzazi aliyemsubiri mwanawe usiku kucha akimuona anaamka alfajiri hawezi kukosa kufurahi. Swala yake ni kheri, na msimtie doa katika hilo. Lakini mama asiipime hali yake kwa wingi wa ibada peke yake, maana Mtume (S.A.W.) ametuonya kuhusu watu ambao swahaba ataidharau swala yake akiilinganisha na yao, wanaoisoma Qur'ani na isipite koo zao.

Watu hao walijitokeza wakati wa Sayyidna Ali, nao ndio Makhawariji, waliomwasi na kuwakufurisha Waislamu wenzao. Wanahistoria wanasimulia kisa chao kimoja ambacho kila nikikisoma hunitetemesha. Walimkamata Abdullah bin Khabbab, mtoto wa swahaba, akiwa na mkewe mjamzito. Walipokuwa njiani naye tende ikaanguka kutoka mtini, mmoja wao akaitia mdomoni. Wenzake wakamkemea: Unaila bila idhini ya mwenyewe na bila kuilipia? Akaitema. Mwingine akampiga nguruwe wa mtu asiye Muislamu, wakamwambia huo ni ufisadi katika ardhi, na mwenye nguruwe akaridhishwa. Kisha wakamchinja Abdullah kando ya mto, na mkewe wakampasua tumbo. Kosa la Abdullah lilikuwa kwamba alimsifu Ali. Kumbe mtu anaweza kuogopa tende ya haramu na asiogope damu. Ndiyo maana nasema muguka na ushupavu huu ni maradhi mawili, na kupona moja si dalili ya kupona la pili.

Umeuliza kwa nini kijana mwerevu. Tatizo lake halikuwa akili. Kabla ya kundi, kakako alikuwa nani machoni pake mwenyewe? Kijana anayeamka asubuhi hajui atapata kibarua ama hatapata, anayekopa ili acheze kamari, anayeona haya kumtazama mama yake usoni. Mtu wa namna hiyo hukimbia nafsi yake kabla hajakimbilia dini. Kundi likaja likamtua nafsi yake kama anavyotuliwa robota begani: likampa jina, ndugu wa kumpokea kila jioni, kazi kubwa mno inayofanya umasikini wake uonekane ni heshima, na adui wa kubebeshwa lawama za kila kilichomshinda. Hata chuki ile ina faida kwake, kwa kuwa anapomwita mama yake mpotofu, ya nyuma yake yote hayahesabiki tena. Ukitaka kumrudisha, jua kwamba unamtaka airudie nafsi aliyoikimbia. Ndiyo maana anapigana.

Na lau asingekutana na ustadh huyu, huenda angekutana na mwingine mwenye bendera nyingine. Tumeona katika mji wetu vijana wakipigania jina la mwanasiasa ambaye hawajui hata kama anawajua, wakirushiana mawe na majirani waliokua pamoja. Tumeona Shakahola kule Kilifi, ambako mwaka 2023 zaidi ya maiti mia nne zilifukuliwa, za watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wamfikie Yesu. Walikuwemo watoto. Sisemi haya kuwasema Wakristo, kwa kuwa sisi wenyewe tuna vijana waliotolewa mitaa hii hii wakapelekwa Somalia, na wengine hawakurudi. Ugonjwa hauchagui dini. Palipo na kiu ya kujisalimisha moja kwa moja kwa mtu, mtu huyo atapatikana tu.

Huenda kakako akakujibu kwamba dini yetu imeamrisha jamaa, yaani kuwa pamoja na Waislamu wenzako, na kwamba mbuzi anayeliwa na mbwa mwitu ni yule aliyejitenga. Kweli. Swala ya jamaa, kushikamana, kusaidiana, yote ni amri. Ila jamaa ya Waislamu inakuelekeza kwa Mwenyezi Mungu na inaruhusu kiongozi arekebishwe. Abubakar (R.A.) aliposhika ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea, na wasimtii pindi atakapomuasi Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kundi ambalo mwenye kuuliza huhesabiwa mnafiki si jamaa hiyo.

Sikiliza Qur'ani ilivyowatibu watu wa Makka. Walikuwa wakikusanyika na kuambizana kwamba Mtume (S.A.W.) ni mwendawazimu, na kila mmoja akimsikia mwenzake anasema, na yeye anasema. Mwenyezi Mungu akamwamuru Mtume wake, Sura Saba', aya ya 46: "Sema: Mimi nakunasihini jambo moja tu, ya kwamba msimame kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wawili wawili na mmoja mmoja, kisha mfikiri." Zamakhshari, mfasiri aliyefariki mwaka 1144, anaeleza kwamba mkusanyiko huvuruga fikra na kupofusha macho ya moyo. Wawili wanaweza kupimiana hoja kwa uadilifu, na mmoja anaweza kujihoji bila kumwonea mtu haya.

Wataalamu wa saikolojia wameyaona haya kwa njia zao. Solomon Asch, huko Marekani, katika miaka ya 1950 aliwaketisha watu pamoja na kuwauliza ni mstari upi kati ya mitatu ulio sawa kwa urefu na mstari waliooneshwa. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini wote waliokuwa chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepatana waseme uongo. Yule mmoja asiyejua, takriban theluthi moja ya majibu yake katika raundi zile za uongo yalifuata kosa la wenzake. Alipopewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata kosa kukapungua mno. Mwenzake mmoja tu, dada yangu. Mimi naona kakako anamhitaji mtu huyo kuliko anavyohitaji hoja ya mia moja.

Basi usibishane naye mbele ya wenzake, wala mbele ya mama, wala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mbele ya watu hajibu yeye, linajibu kundi. Jifunze kwa Ibn Abbas (R.A.), swahaba wa Mtume. Makhawariji walipojitenga Harura, aliomba ruhusa kwa Ali aende kuzungumza nao. Akavaa vazi zuri la Yemen akaenda peke yake. Anasema aliwakuta watu ambao hajaona wenye bidii ya ibada kuliko wao: vipaji vya nyuso vina vidonda vya sijida, viganja vimekuwa vigumu kama magoti ya ngamia. Wengine wakasema msizungumze naye. Wawili watatu wakasema tutazungumza naye. Ibn Abbas hakuanza kwa kuhutubia. Aliuliza: Niambieni, mnamlaumu nini binamu wa Mtume? Wakataja la kwanza. Akauliza: Na jingine? Wakataja la pili. Na jingine? Wakataja la tatu. Akauliza: Mnalo zaidi? Wakasema yametosha. Ndipo akawauliza: Nikiwasomea katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake yanayoyavunja haya, mtarejea? Akaanza kuyajibu moja moja, na kila akimaliza moja huwauliza: Je, hili nimelijibu? Wanasema naam. Elfu mbili wakarejea siku ile kwa riwaya yake, na waliobaki wakapiganwa katika vita vya Nahrawan. Hakuwapata wote. Nawe usijilaumu kama hutampata kwa siku moja.

Mpe nafasi kama hiyo. Mtoe mkatembee wawili, muulize nini kinamuuma, kisha unyamaze mpaka amalize. Mkumbushe aya ya 95 ya Sura Maryam, kwamba kila mmoja atamfikia Mola wake Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Ustadh hatakuwepo kumsemea. Na mtafutieni kazi, hata iwe ndogo, maana kijana asiye na pa kwenda saa nne za asubuhi atarudi pale anapohesabiwa kuwa mtu. Mama aendelee kumwekea sahani yake. Asiitoe mezani hata akiikataa, wala asimfukuze nyumbani: mkimfukuza mtamkabidhi kwa ustadh mzima mzima.

Kama anakuomba pesa za kundi, usimpe. Na mkisikia ananong'ona habari za safari, au kuuza vitu vyake, au kuomba radhi za kuagana, msisubiri. Mwendeeni imamu mnayemwamini na wazee wa mtaa siku ile ile, wawasindikize kwa wakuu wa serikali, mkiwa na wakili kama mnahofia. Najua familia nyingi huku kwetu huogopa mlango wa polisi, na hofu hiyo ina sababu zake. Lakini Mtume (S.A.W.) amesema: Msaidie nduguyo, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Akaulizwa vipi atasaidiwa dhalimu, akasema ni kwa kumzuia. Kumzuia kakako asiue wala asiuawe si kumsaliti.

Na akisema kwamba kumpenda jirani asiye Muislamu ni udhaifu wa imani, msimulie habari ya basi la Mandera, Desemba mwaka 2015, karibu na El Wak. Wenye bunduki waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, wanawake wengine walikuwa wamewapa wenzao hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki hapa Nairobi Januari iliyofuata. Muulize kakako, mkiwa wawili, ni nani katika watu wale aliyemtii Mwenyezi Mungu. Kisha mwache ajibu mwenyewe.

Wallahu a'alam.