Yaya, Nikuulize: Barua zenu kuhusu michezo ya kuvaa uhusika

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu michezo ninayoitunga: watu wanakutana kwa saa kadhaa, kila mmoja anapewa karatasi ya mtu wa kubuni, kisha wanaishi kama watu hao. Hakuna jukwaa, hakuna watazamaji, hakuna maneno ya kukariri. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Kwa wasionijua: wananiita Yaya, yaani dada mkubwa, na nina sekretariati ya umma hapa Kamalondo, Lubumbashi. Mashine moja ya kopi, kompyuta moja, benchi la wateja. Siku za kazi naandika barua za watu, Jumapili naandika michezo.

Yaya, mimi ni mwanafunzi, naishi Katuba. Niliona picha za wazungu wanacheza ndani ya ngome, wana mapanga na majoho. Sisi tuko marafiki tisa, hatuna kitu. Tuanzie wapi?

Mwanangu, ngome ulizoziona zipo kweli. Uingereza, mwaka 1982, watu walianza kucheza ndani ya ngome ya Peckforton mchezo ulioitwa Treasure Trap. Mwaka 2014 kule Poland, ngome ya Czocha iligeuzwa chuo cha wachawi, na wachezaji wakalala humo humo. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini ngome haimwambii mchezaji aseme nini akikutana na mwenzake mlangoni. Karatasi ndiyo inayomwambia, na karatasi unayo.

Nikupe mfano wa mchezo wangu ninaoupenda kuliko yote, unaitwa Usiku wa Pili. Ni usiku wa pili wa kilio cha mzee aliyefanya kazi mgodini maisha yake yote. Wachezaji ni kumi na wawili, tunakaa ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Nguo ni zile ambazo kila mtu huenda nazo kilioni. Kuna mjane, wadogo wa marehemu, binti aliyetoka Likasi, mtu wa kanisa, na kadhalika. Mmoja ni kijana jirani anayegawa maji.

Mara ya kwanza karatasi ya huyo kijana ilikuwa na mistari mitatu: Wewe ni jirani. Unagawa maji. Una heshima. Mchezaji aliyeipata, fundi wa kujenga, mtu mwenye kipaji, aligawa maji muda wa saa nzima. Kisha akaenda kukaa kwenye mlango wa lupango, akatoa simu. Nilimwona, na niliumia, kwa sababu kosa halikuwa lake. Nilimwita mtu atoke nyumbani kwake, apande teksi-basi, aje kuwa meza ya kuwekea glasi za wengine.

Nikaiandika upya. Sasa karatasi inasema hivi:

“Wewe ni jirani, unauza mikate. Wiki mbili zilizopita marehemu aliazima kinga yako ili aende hospitali, ukampa. Kinga iko ndani, chumba cha nyuma, na mlango una kufuli. Kesho saa kumi na moja alfajiri lazima ukachukue mikate. Hapa kilioni hakuna anayejua kwamba kinga ni yako. Ukiidai usiku huu, watasema umekuja kumdai maiti.”

(Kwa wasomaji wa mbali: kinga ni baiskeli, ndivyo tunavyosema hapa.)

Fundi yuleyule alirudi kuicheza. Alimpelekea mjane maji mara tatu, na kila mara alifungua kinywa, akakifunga. Halafu akaokota ufagio. Akaanza kufagia, polepole, kuelekea nyuma ya nyumba, mpaka akafika kwenye mlango wenye kufuli, na hapo akafagia mahali pamoja kwa dakika nyingi sana. Mdogo wa marehemu akamwuliza, “Wewe, unatafuta nini kule?” Lupango lote likanyamaza. Ufagio ule sikuuandika mimi. Niliandika aibu tu, yeye akaitafutia mahali pa kupita.

Kwa hiyo anzeni hivi. Andika majina tisa kwa duara. Kila jina litoe mishale miwili: mmoja kwa mtu anayemhitaji, mwingine kwa mtu anayemficha jambo. Tumia deni, ahadi, kitu kilichoazimwa. Jina ambalo halikufikiwa na mshale hata mmoja, usiliache: ama lifute, ama lipe deni. Usipoteze wino kuandika kwamba mtu ni mpole au ni mkali. Mpe anachokihitaji na sababu ya kuona haya kukiomba, upole na ukali atavitoa mwenyewe.

Mwaka 1999 Wanorwe wawili walitoa masharti kumi ya kuandika michezo hii, wakayaita Dogme 99. Moja linakataza kumwandika mtu yeyote kuwa msindikizaji tu wa wengine. Lingekuwa limenifikia mapema, fundi wangu asingekaa mlangoni na simu. Lakini wamekataza pia mwandishi kupanda matukio katika maisha ya zamani ya wahusika, na hapo siwafuati. Kilio bila jana ni viti tu na turubai.

Ninafundisha sekondari, commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Yaya, kwa nini tuchukue mchezo wa wazungu wakati mila zetu zinapotea?

Mwalimu, masharti yametoka kwao, sikatai. Hata mikutano mikubwa ya waandishi wa michezo hii, ile inayozunguka nchi za Ulaya ya kaskazini, ilianzia Oslo mwaka 1997. Lakini kitendo chenyewe tunacho.

Mjini kwetu hapa mwigizaji Mufwankolo na wenzake walicheza miaka na miaka kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi bila kuandika maneno ya kukariri. Mtafiti Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipotengeneza mchezo mzima kutokana na usemi mmoja kuhusu utawala: walijadiliana usemi una maana gani, wakapanga mambo yatakavyokwenda, wakagawana nafasi, na kila mmoja akayatoa maneno yake palepale. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walikuwa na watu wa kuwatazama.

Rudi nyuma zaidi. Ng’ambo ya mpaka, Luanshya, mji wa migodi katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana wafanyakazi walicheza Kalela, ngoma iliyokuja baada ya ile ya mbeni ya wazee wao. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong’aa, walikuwa na mfalme wao, na daktari wao mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu. Katikati ya wanaume wote alikuwepo mwanamke mmoja, mwuguzi. Alivaa nyeupe, akapita kwa wachezaji na kioo na leso, ili kila mmoja ajifute jasho na ajitazame. Mtu aliyeshinda siku za kazi akitumwa, Jumapili alikuwa daktari. Nikisoma habari za yule mwuguzi najisikia namjua.

Na kwenye kilio cha babu yangu mzaa mama, mjukuu mmoja alivaa koti la marehemu na kofia yake, akashika fimbo, akapita kati ya viti akiuliza nani amekunywa chai yake. Ilikuwa sauti ya babu kabisa, na kikohozi chake. Bibi alicheka huku machozi yanamtoka. Wajukuu wana haki hiyo kwetu, hakuna aliyemkemea. Pale ndipo nilipojifunza kazi hii, Mwalimu, nikiwa na miaka 11, kabla sijasikia neno lolote la Ulaya.

Binti yangu ana miaka 19. Alicheza mjane katika mchezo wenu, akarudi usiku bado analia, na kesho yake hakula. Mnawafungulia watoto wetu mlango gani?

Mama, pole. Na umefanya vema kuniandikia kabla ya kumkataza.

Machozi ya mchezo yanatoka kwenye macho yaleyale. Waandishi wa Ulaya ya kaskazini wanasema hisia huvuja, kama damu inavyopita kwenye bandeji: za mhusika zinaingia kwa mchezaji, na za mchezaji zinaingia kwa mhusika. Mara nyingi ni kidogo, mtu anaamka nazo asubuhi na mchana zimekwisha. Lakini kama ndani kulikuwa na kidonda tayari, karatasi inakigusa. Mimi sikumwuliza binti yako kama nyumbani kumekuwa na msiba mwaka huu. Nilipaswa kumwuliza. Tangu barua yako, namwuliza kila mtu peke yake kabla sijagawa karatasi, na anayesema “mwaka huu sitaki kilio” anapata mchezo mwingine bila kueleza sababu.

Tuna maneno mawili ambayo kila mchezaji anayajua, nimeyachukua kwa Wanorwe: Kata, na Breki. Ukisema Kata, kila kitu kinasimama na hakuna anayekuuliza kwa nini. Ukisema Breki, wenzako wanapunguza, hawasogei zaidi mahali hapo. Tuna pia mtu asiyecheza. Tunamwita mwuguzi, kwa kumkumbuka yule wa Kalela, na kweli anabeba kioo kidogo. Anapita, anatazama nyuso, na akiona mtu amezama anamgusa bega na kumwonyesha kioo.

Mwisho wa mchezo tunaweka beseni la maji mlangoni. Unajua tukirudi makaburini tunanawa kabla ya kuingia lupangoni. Hivyohivyo. Kila mmoja ananawa, anataja jina lake la kweli, na anasema nyumbani leo kuna chakula gani. “Bukari na sombe.” “Bukari na kapenta.” Inaonekana jambo dogo. Nimemwona mtu mzima akishindwa kutaja jina lake kwa pumzi kadhaa, kisha akalitaja, na mabega yakashuka. Usiku ule wa binti yako umeme ulikatika, watu wakakimbilia teksi-basi za mwisho, na beseni tuliliruka. Sasa mchezo unaisha saa kumi na nusu jioni, na beseni haliruki hata mvua ikinyesha.

Akitaka kurudi, mje wote wawili. Utakaa na mwuguzi.

Yaya, wewe unaandika barua zetu za siri. Unatuambiaje kwamba hazimo kwenye michezo yako?

Hii barua nimekaa nayo siku nne. Haina jina, na nitajibu ukweli.

Mara moja ilikuwamo.

Mama mmoja alikuja sekretariati nimwandikie kaka yake mkubwa. Alikuwa ameacha cherehani yake kwa kaka kama rehani ya mkopo. Mkopo aliulipa, cherehani haikurudi, na sasa mke wa kaka alikuwa anashonea wateja kwa cherehani ileile. Mama hakutaka ugomvi. Alitaka barua ambayo kaka akiisoma hataona aibu mbele ya mkewe. Tuliiandika mara tatu. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka ule, na haikutoka kichwani kwangu.

Jumapili nikaiweka kwenye mchezo. Nilibadilisha mji, nikabadilisha kaka kuwa mjomba, nikajiambia inatosha. Katikati ya mchezo msichana mmoja alisema Kata. Alikuwa mtoto wa dada wa yule mama. Akaweka karatasi chini na kusema, “Hii ni ya kwetu.” Hakupandisha sauti.

Nilikwenda kwa mama kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kazi. Nilimwambia yote. Alinisikiliza akichambua maharage kwenye ungo, akatoa mawe mawili, akayaweka pembeni. Kisha akasema, “Nilikulipa uandike mara moja. Ukaandika mara mbili.” Nilirudisha faranga zake, hakuzichukua. Mpaka leo akitaka kopi anapita mbele ya mlango wangu na kwenda sekretariati ya mbali.

Nimefikiri sana nichukue nini na niache nini, maana siwezi kusema sichukui kitu. Mikono inayoandika barua za madai mchana ndiyo hiyohiyo inaandika michezo. Sasa hivi ninavyofanya: yaliyosemwa kwenye benchi langu hayaingii, hata yakibadilishwa mara kumi. Kinachoingia ni vile watu wanavyokaa kabla ya kusema. Anayeomba kazi huanza na habari za wazazi wake. Anayedai fedha huanza na salamu ndefu kuliko wote. Anayeomba msamaha huuliza kwanza bei ya karatasi. Hayo si siri ya mtu mmoja, nimeyaona kwa mamia ya watu. Mambo yenyewe, kitu na deni na jina la jamaa, natunga mwenyewe. Kinga ya muuza mikate nimeitunga. Kisha namsomea mume wangu kila karatasi, maana yeye kazaliwa Kamalondo na anajua nani amemkopesha nani, na akisema “hii inafanana na ya fulani,” naichana.

Kama wewe uliyeandika ni yule mama: bado nasema samahani. Kama ni mwingine, barua yako iko salama, na ukitaka kuifuta kwenye kompyuta, njoo tuifute pamoja, ubonyeze mwenyewe.

Je, mtu ambaye hajawahi kuigiza anaweza kuja?

Anaweza, wengi wetu tulikuja hivyo. Usilete nguo za pekee, usikariri kitu. Fika saa saba mchana, kwa sababu karatasi nazigawa mapema na mtu anahitaji muda wa kukaa na yake kimya. Viti vya kukodi ni kumi na viwili, basi lete kiti chako.