Uzito wa binti yangu umesimama: je, maziwa yangu ni mepesi?

SWALI: Binti yangu ana miezi saba. Alizaliwa na kilo 3.1. Kijitabu cha kliniki kinaonyesha kilo 5.7 alipochanjwa wiki ya 14, kilo 6.4 akiwa na miezi mitano, kilo 6.6 akiwa na sita, na wiki hii 6.7. Mtoto wa jirani, mvulana wa rika lake, ana kilo 9. Usiku na asubuhi ananyonya vizuri. Mchana niko kazini, yeye hubaki na mavyaa, ambaye humpa uji wa wimbi kwa chupa mara tatu. Anakaa, anacheka, anashika vitu. Mavyaa asema maziwa yangu ni mepesi, nimwanzishie ya kopo. Nifanyeje?
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Mama, kwanza mwondoe mtoto wa jirani kwenye hesabu. Mvulana na msichana hawapimwi kwa mchoro mmoja. Akiwa na miezi saba, msichana wa katikati (yaani nusu ya wenzake wamemzidi, nusu amewazidi) ana kilo 7.6, mvulana wa katikati ana 8.3. Huyo wa kilo 9 ni mvulana mwenye mwili, basi. Vipimo hivi ni vya Shirika la Afya Duniani, vilitolewa mwaka 2006 baada ya kupima watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Anayekwambia ni vipimo vya Wazungu peke yao hajasoma orodha hiyo.

Lakini wasiwasi wako una msingi, ila sababu siyo jirani. Tazama namba zako mwenyewe. Wiki ya 14 binti yako alikuwa karibu na mstari wa kati. Akiwa na miezi mitano, wa kati alikuwa kilo 6.9, yeye 6.4. Akiwa na sita, wa kati 7.3, yeye 6.6. Sasa wa kati 7.6, yeye 6.7. Kila mwezi anaachwa nyuma zaidi, na mwezi huu uliopita ameongeza gramu 100 tu, pale ambapo wenzake wa umri huo huongeza kama 300. Hajafika kwenye utapiamlo. Mstari wa chini unaotutia hofu, ule ulioandikwa −2 kwenye mchoro, kwa msichana wa miezi saba uko kwenye kilo 6.0. Ila mstari huo nao hupanda: miezi minane ni 6.3, tisa 6.5, kumi 6.7. Yaani akibaki hapo alipo bila kupungua hata gramu moja, atakutana nao akiwa na miezi kumi. Ndiyo maana mchoro kwenye kijitabu lazima uchorwe na nukta ziunganishwe; namba zilizoandikwa pembeni peke yake hazimwonyeshi mtu mwelekeo. Nesi akiandika namba bila kuchora, mwombe achore. Ni haki yako.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kipimo ni cha kweli. Mizani ya kuning'iniza yenye uso wa saa husoma kwa hatua za gramu 100, na hiyo ndiyo tofauti yote ya mwezi wako mmoja. Suruali ya kupimia iningʼinizwe tupu kwanza, mshale urudishwe kwenye sifuri, ndipo mtoto aingizwe. Nepi iliyolowa huweza kuwa na gramu 100 au zaidi, na mtoto aliyetoka kunyonya sasa hivi hubeba karibu kiasi hicho tumboni. Avuliwe nepi, nguo na bangili. Hirizi kama familia haitaki kuivua, iachwe, lakini iwepo kila mara anapopimwa. Tumia mizani ileile kila mwezi. Na usimpime kila siku: kwa umri huu anaongeza kama gramu 10 kwa siku, hakuna mizani ya kliniki itakayoiona.

Omba pia apimwe urefu, akilazwa kwenye ubao wa kupimia, watu wawili wakisaidiana, mmoja kichwani na mmoja akinyoosha miguu. Msichana wa miezi saba wa katikati ana sentimita 67.3, chini ya 62.7 ni mfupi kwa umri wake. Urefu ukiwa unaendelea vizuri huku uzito umelegea, tatizo ni la karibuni na hurekebishika upesi.

Sasa maziwa. Maziwa ya mama yana kalori kama 65 kwa kila mililita 100, na hayawi mepesi kwa sababu mama ni mwembamba au amechoka. Yale ya mwanzo wa kunyonya huonekana kama maji, ya mwisho huwa na mafuta mengi. Mwache amalize ziwa moja kabla ya kumhamishia la pili. Akikojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo usio na rangi kali, maziwa anayapata.

Kilicho chepesi nyumbani kwako ni uji. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa hauwezi kuwa mzito, hata ikiwa tundu limepanuliwa kwa sindano ya moto kama inavyofanywa nyumba nyingi. Kijiko kimoja cha mezani cha unga, kama gramu 10, kina kalori 35 hivi. Ukikitia kwenye kikombe cha mililita 250, unapata kalori 14 kwa kila mililita 100. Chupa tatu za mililita 150 zinamjaza mtoto kwa kalori 63, na tumbo lililojaa uji halidai ziwa mama anaporudi. Binti yako anahitaji kalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa. Mavyaa ameona sawa kwamba mtoto anapewa kitu chepesi; amekosea chombo tu. Na kopo halitatibu hili. Ni ghali, watu huishia kupunguza vijiko ili lidumu, na visima vyetu vina maji yasiyo salama kwa chupa.

Chupa iondoke, iingie bakuli na kijiko. Kwa kikombe kimoja cha maji, tia vijiko vitatu vya mezani vya unga wa wimbi. Ukoroge kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha chemsha kwa dakika 10 ukikoroga. Ukiepua, tia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na kijiko cha chai cha njugu zilizosagwa laini. Njugu zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, zisichanganywe. Chota kijiko, ukiinamishe: uji ukimwagika kama chai, bado. Ukizidi uzito, ulainishe kwa maziwa yako uliyokamua, siyo maji. Nusu kikombe cha uji huu kina kalori kama 90, kwa hiyo mara mbili hadi tatu kwa siku panatosha. Akifika miezi tisa ziwe tatu hadi nne. Sukari haihitajiki, chumvi haihitajiki, na asali ni marufuku mpaka atimize mwaka.

Tui zito la nazi ni zuri kwa kuongeza nguvu, na kwetu halikosekani, lakini halina madini ya chuma ya kutegemewa. Chuma ndicho kinachokwisha mwilini mwa mtoto karibu na miezi sita, akiba aliyozaliwa nayo inapomalizika, na mtoto aliyepungukiwa damu hukosa hamu ya kula. Kwa hiyo mlo mmoja wa mchana usiwe uji. Chemsha boga au kiazi kitamu, uponde. Chukua changu au tafi aliyeiva, mchambue kwa vidole mara mbili maana miba midogo hujificha tumboni mwa samaki, utie vijiko viwili vya mezani vya nyama yake pamoja na mafuta kidogo. Maini ya kuku au ya mbuzi, kijiko kimoja cha mezani kilichopondwa, mara moja au mbili kwa wiki, yana chuma kuliko samaki. Wakati wa kusi, vyombo visipotoka na samaki akiwa adimu, tumia yai lililoiva kabisa, pojo au kunde zilizomenywa maganda na kupondwa. Ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, usimpe mwaka huu, chumvi yake ni nyingi hata ukiiloweka. Papa naye asiwe chakula cha mtoto, kwa sababu samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki. Strungi, yaani chai ya rangi isiyo na maziwa, hata kijiko kimoja cha kulainishia mkate, huzuia chuma kunyonywa mwilini, nipunguzie hilo.

Siku tatu za kwanza atakitema chakula cha kijiko. Amezoea kunyonya, hajui kusukuma chakula nyuma kwa ulimi. Mpe vijiko viwili vitatu saa ambayo ana njaa kidogo, si njaa ya kulia, na umwekee bakuli lake mwenyewe ili mavyaa aone amekula kiasi gani. Usimshike kichwa.

Kuhusu saa zako za kazi: kamua kabla ya kuondoka na umwachie kwenye kikombe kilichofunikwa. Kwa joto la Lamu, maziwa yaliyo nje ya friji yatumike ndani ya saa nne, ikiwezekana mapema zaidi. Kwenye friji yenye baridi ya kweli hukaa siku nne. Anyweshwe kwa kikombe, siyo chupa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Muulize wako, wengi hawajui.

Chakula kikirekebishwa na uzito usisogee, tutafute ugonjwa. Mweleze daktari kama amewahi kuharisha mwezi huu, ana kikohozi kisichoisha, homa za mara kwa mara, au anatoka jasho na kutweta anaponyonya. Mkojo upimwe, maana maambukizi ya mkojo kwa wasichana wadogo hayana dalili nyingine mara nyingi. Akiharisha, apewe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, aendelee kunyonya, na akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Kupona kuhara bila mlo huo wa ziada ndiko kunakoacha mashimo mengi kwenye michoro ninayoiona.

Kipimo cha utepe wa mkono mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukifanya hapo mtaani: sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, apelekwe kliniki wiki hiyo. Chini ya 11.5 ni nyekundu, apelekwe siku hiyohiyo. Vilevile siku hiyohiyo kama anakataa ziwa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au ukibonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu pakabaki shimo.

Mpime tena baada ya wiki mbili, kuhakikisha hapungui tu, kisha baada ya mwezi. Hapo nataka kuona kilo 7.0 au zaidi. Akiwa chini ya 6.9, usingoje chanjo ya surua ya miezi tisa. Nenda na kijitabu, na karatasi ya alichokula siku tatu mfululizo, vijiko vimehesabiwa. Na muulize nesi kama alipata tone la vitamini A la miezi sita. Baada ya wiki ya 14 wazazi wengi huacha kwenda kliniki mpaka miezi tisa, na dozi hiyo huangukia katikati.