Mchwa wanarudi palepale ukutani

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nyumba yangu ya tofali za kuchoma ipo Kongwa. Kila nikikwangua vile vijia vya udongo wanavyojenga mchwa ukutani, baada ya siku chache navikuta vimerudi mstari uleule mpaka kwenye kenchi. Nimemwaga oili chafu, wapi! Halafu naambiwa mchwa hawaoni. Sasa njia wanaijuaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeambiwa kweli, mchwa wafanyakazi wanaopanda ukutani kwako ni vipofu. Wanafuata harufu. Chini ya tumbo la kila mmoja kuna tezi, na akitembea hugusisha tumbo chini, akaacha alama ambayo pua zetu haziipati. Anayekuja nyuma anaitafuta kwa vipapasio; ikimpotea anayumba huku na huku mpaka aikute tena.

Alama hiyo hufifia, kwa hiyo njia isiyopitwa hufa yenyewe. Lakini aliyepata mbao anarudi akiweka alama nzito zaidi, wenzake wanatoka kwa wingi, na kila anayepita anaongeza ya kwake. Hakuna msimamizi anayewapanga. Udongo unaoukwangua wewe ni paa tu la kuwakinga na jua, upepo na sisimizi. Paa likianguka, mabaki ya harufu yapo kwenye vinyweleo vya tofali, na kundi lenyewe liko salama ardhini.

Jioni chukua tochi, toboa kijia kwa kijiti, kisha tulia. Wafanyakazi watarudi nyuma, na askari wenye vichwa vikubwa vya kahawia watajitokeza kwenye tundu. Tega sikio: utasikia mchakacho kama wa majani makavu. Ni askari wanagonga vichwa, na mtikisiko huo unawaonya walio mbali. Pakitulia, mfanyakazi mmoja atakuja na kidonge cha udongo mbichi mdomoni, akibandike ukingoni, ageuke aondoke. Mwingine atabandika chake kando ya hicho. Nilipokuwa kazini niliwaonyesha wakulima wengi jambo hili, na mpaka leo sichoki kulitazama.

Mwaka 1968 watafiti nchini Marekani walitambua kemikali ya njia ya mchwa wa kule wanaokula mbao. Ni alkoholi yenye kaboni 12, na mchwa wetu wa vichuguu wanatumia za ukoo huohuo. Linalokuhusu zaidi ni hili: kemikali hiyohiyo ilipatikana pia kwenye mbao iliyooza kwa kuvu. Kwa mchwa wale, mbao iliyooza inanuka kama njia iliyokwisha kupitwa. Bati lako kama linavuja juu ya kenchi, lizibe kabla ya kununua dawa yoyote.

Oili chafu achana nayo. Mchwa wanahamia pembeni kidogo, na wewe unabaki na udongo ulioharibika. Ufagio nao uweke chini kwanza. Fuata kijia kuelekea chini mpaka kinapotokea ardhini, maana hapo ndipo pa kushughulikia. Ondoa kuni na mabua yaliyoegemezwa ukutani. Kichuguu chenyewe kinaweza kuwa mbali: kule Kajiado, Kenya, njia za chini kwa chini za kichuguu kimoja zilifukuliwa zikakutwa zinafika kama mita 50. Huenda chako kiko shambani kwa jirani, basi mzungumze. Dawa ya kuzunguka msingi aweke mtu aliyesomea, hasa kama una kisima karibu.

SWALI: Bibi Shamba, mvua za kwanza kumbikumbi wakishadondosha mabawa huongozana wawili wawili chini. Wanafukuzana kwa ugomvi?

JIBU: Hapana, wanachumbiana. Wa mbele ni jike na wa nyuma ni dume, anayemfuata kwa harufu na kwa kumgusagusa asimpoteze. Wanatafuta ufa wa kuchimba, na wakifanikiwa ndio malkia na mfalme wa kichuguu kipya. Kwa mchwa wa jamii kadhaa, kemikali ya jike ya kumwita dume ndiyo ileile wafanyakazi wanayoitandaza njiani, ila jike anaitoa kwa wingi zaidi. Ukiwaona wanazungukia msingi wa nyumba, wafungulie kuku.