Fataki za Diwali na mtoto muoga, halafu asubuhi tule wapi?

SWALI: Dada, salamu kutoka Mlolongo. Mama Kadzo ananidai matembezi tangu Pasaka na mimi visingizio vimeniishia. Nimeskia wakati wa Diwali Wahindi wa Parklands hurusha fataki si mchezo, nataka tuingie Jumamosi jioni, tulale huko huko, Jumapili tunywe chai ya maana, sio ile ya mkate na siagi tunayokunywa kila siku. Shida ni kwamba kitinda mimba wetu ana miaka 4 na hata mlango ukijibamiza analia, halafu pesa pia ni ya kuhesabu. Tusimame wapi, tule wapi? Baba Kadzo.

JIBU: Baba Kadzo, kwanza kalenda. Diwali haina tarehe moja, inafuata mwezi, huwa inaangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na usiku wenyewe ni ule ambao mwezi hauonekani kabisa, ndio maana moto unapendeza hivyo. Sherehe inachukua kama siku tano kwa hivyo usiku mkuu ukianguka Jumanne usife moyo, wikendi iliyo karibu bado utaskia milipuko. Lakini ni msimu wa mvua za vuli huo, bebeni masweta na mwavuli.

Sasa kusimama. Watu wengi wanataka kwenda mpaka chini ya moto wenyewe, na hapo unaona moshi tu na shingo inakuuma. We tafuta mtu wako anayekaa Ngara, ghorofa za juu, si unajua hukosi binamu, mwambie mnakuja na kilo mbili za nyama, halafu saa mbili usiku mpande pale juu kwenye kamba za nguo muangalie upande wa Parklands. Huko juu ndio utamtibu huyo mtoto. Mwanga unafika papo hapo ila sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani fataki ikiwa kilomita moja mbali unapata karibu sekunde tatu kabla ya mlio. Mpwa wangu alikuwa muoga hivyo hivyo, nikamfundisha akiona ua limefunguka aanze kuhesabu, moja, mbili, ta... bum! Alicheka mpaka akaanza kuwakemea zile za karibu eti zimefika kabla hajamaliza kuhesabu. Mlio ukija kama mgeni aliyepiga hodi hautishi sana. Fataki za mwaka mpya pale KICC, lile jumba la mikutano tao, ni raha yake lakini na mtoto wa miaka 4 kwa ule msongamano, mimi hapana.

Ukikosa binamu chukua loji, ila usilipie ile yenye chai ndani. Mimi nililipia moja mwaka fulani, nikaletewa yai baridi, slesi mbili, na chai ya rangi ya maji ya kuoshea sufuria, nikaambiwa sosej zimeisha na ilikuwa saa moja unusu asubuhi. Zimeisha saa ngapi?

Chai nendeni Islii, yaani Eastleigh. Jumapili asubuhi Nairobi iko wazi, kutoka Ngara ni kupita Pangani tu na mmefika, na kutoka tao ni matatu za nambari 6 na 9. Ingia hoteli yoyote ya Wasomali iliyojaa wazee wanaobishana, agiza anjera na maini ya kukaangwa na vitunguu, ile anjera ije bado na joto, ina vitundu vitundu juu, mtoto mwekee sukari na mafuta ya simsim aikunje kwa mkono. Chai yao ina iliki, mdalasini, tangawizi na sukari ya kukufanya uombe maji. Kama kuna ya maziwa ya ngamia ionje, ina kaharufu ka moshi kwa sababu vyombo vya maziwa hufukizwa. Najua Mama Kadzo ni mtu wa Pwani atauliza mahamri na mbaazi ziko wapi, mwambie hizo atakupikia yeye Jumapili ijayo.

SWALI: Zile waya za cheche za kushika mkononi, mtoto wa darasa la pili anaweza? Mama wa Kayole.

JIBU: Akiwa na mtu mzima kando yake, na mkono umenyooshwa mbali na nguo. Zinaonekana kama mchezo lakini ncha inafika karibu nyuzi 1,000, na maji ya chai hapa kwetu yanachemka kwa 94 hivi kwa vile tuko juu. Weka ndoo ya maji, ikizima tu itumbukizwe. Na asivae sandozi, maana ile waya ikishazima wanaitupa chini kwenye giza halafu wanaikanyaga.